Somo: Umbali wa angani na muda wa ndege kati ya Ascension na Saint Helena

Hii ni ile mada ya Dunia kama tufe ya kidato cha tatu, na wanafunzi wa Kigoma wanaoulizia wanahitaji kikokotoo cha sayansi tu. Visiwa vyetu viko Atlantiki ya Kusini.

Hatua ya 1. Tafuta mahali viwanja vya ndege vilipo, si katikati ya kisiwa. Ascension: 7°58′ kusini, 14°24′ magharibi. Saint Helena: 15°57′ kusini, 5°39′ magharibi.

Hatua ya 2. Gawa dakika kwa 60: 7.97 na 14.40, 15.95 na 5.65. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukiandika 58′ kama .58 umeshapotea kilomita 43 kabla hujaanza.

Hatua ya 3. Tofauti ya longitudo ni 8.75. Visiwa vyote viko magharibi, kwa hiyo tunatoa. Kimoja kingekuwa mashariki, tungejumlisha.

Hatua ya 4. Zidisha saini (sin kwenye kikokotoo) za latitudo mbili. Kisha zidisha kosaini (cos) zake, mara kosaini ya 8.75. Jumlisha majibu hayo mawili: 0.97924. Tafuta pembe yenye kosaini hiyo: nyuzi 11.7. Kikokotoo kiwe kwenye nyuzi, si radiani, na usikate desimali mapema: ukiandika 0.98 jibu linashuka kwa takriban kilomita 25.

Hatua ya 5. Nyuzi moja ya mduara mkuu, yaani mduara mkubwa kabisa unaoizunguka Dunia, ni kilomita 111.2, hivyo umbali ni kilomita 1,301. Kwa maili za bahari, 11.7 × 60 = 702.

Hatua ya 6. Muda. Ndege ya jeti ikienda kilomita 800 kwa saa hutumia saa 1 na dakika 38. Ongeza kama dakika 25 za kupaa, kushuka na kuzunguka kutafuta njia ya kutua. Sema saa 2. Upepo wa mbele wa kilomita 50 kwa saa unasogeza ile saa 1 na dakika 38 hadi saa 1 na dakika 44. Pepo za biashara za kusini-mashariki zinavuma karibu na bahari, basi usizitumie kukadiria upepo wa juu ndege inakosafiria.

Maswali ya wanachama

Kutoka Ujiji: Mwalimu, kisiwa kimoja kikiwa kaskazini ya ikweta?
Latitudo ya kusini ipe alama ya kutoa, ya kaskazini iache. Fomula ni ile ile.

Kutoka Kasulu: Naweza kufanya hivyo kwa Tristan da Cunha?
Umbali utaupata, muda wa ndege hapana. Tristan haina uwanja wa ndege. Watu hufika kwa meli kutoka Cape Town. Ndiyo maana kabla ya hesabu uhakikishe pande zote mbili zina uwanja.

Kutoka Tabora: Na sisi hadi Kigoma?
Karibu kilomita 350 angani, ingawa reli ni zaidi ya 400. Kwa panga boi la kilomita 600 kwa saa, dakika 35, ongeza 20.

Kutoka Kigoma mjini: Saa za huko zinatofautianaje na zetu?
Visiwa vyote viwili vinafuata saa moja, nyuma yetu kwa saa 3. Ndege ikiondoka huko saa 6 mchana, kwetu ni saa 9 alasiri. Kati ya visiwa hivyo hakuna saa ya kuongeza wala kupunguza.