Gunia la mboga juu ya makoro: kuongeza majani kwenye rasyo hapa Goma

Rasyo, yaani chakula cha msaada, kwa kawaida ni unga, maharagi ao njegere, mafuta na chumvi. Inashibisha, lakini haina jani hata moja. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha anahitaji majani kila siku, na hata msaada ukija kwa pesa, franka ya mboga ndiyo huisha ya kwanza. Wengi hapa hawana shamba, na chini ya miguu ni makoro matupu, yaani mawe ya volkano. Gunia linasimama popote.

Tumia gunia la rasyo lenyewe, la kilo 50, na kopo la mafuta la lita 4 lililokatwa juu na chini. Changanya ndoo mbili za udongo kwa ndoo moja ya mbolea ya mbuzi ao sungura. Mbolea iwe imeoza na kukauka. Ile mbichi inachoma mizizi, na mama anadhani mbegu ndizo mbaya. Usichote udongo karibu na choo wala jalalani. Gunia moja linakula ndoo tatu mpaka nne za lita 20.

Simamisha kopo katikati, lijaze vijiwe vya makoro vyenye ukubwa wa yai, kisha zungusha udongo pembeni mpaka ukingo wa kopo. Vuta kopo juu taratibu: mawe yanabaki. Jaza tena, vuta tena, mpaka zibaki sentimita 10 kufika mdomo wa gunia. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo siri yote. Bila hiyo, maji yanasimama juu, miche ya juu inaoza na ya chini inakauka.

Mwagilia siku mbili udongo ushuke, ndipo utoboe. Kila tundu sentimita 5, umbali wa sentimita 20, yakipishana kama matofali ya ukuta. Tundu pana linamwaga udongo kila ukimwagilia. Panda lengalenga (mchicha) juu, mbegu chache. Baada ya wiki tatu hamishia miche pembeni, jioni, si juani. Matembele hayahitaji kitalu: kata kipande cha shina cha sentimita 25, chomeka, basi.

Maji ni kama lita 5 kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni. Kwa bei ya bidoni la maji hapa, tumia yale uliyooshea mboga ao mchele. Ya sabuni ya kufulia hapana. Moshi wa volkano ya Nyiragongo ukishuka na mvua, majani yanababuka: funika gunia, na ulichovuna ukioshe vizuri zaidi. Kuku na mbuzi wa jirani ni hatari kuliko wadudu, kwa hiyo weka gunia karibu na mlango.

Lengalenga inavunwa kuanzia wiki ya nne baada ya kuhamishwa. Usiing'oe, kata ukiacha shina la sentimita 10, itachipuka tena. Gunia moja halitoshi nyumba ya watu sita. Anza matatu, ukipishanisha wiki mbili, na franka iliyopo iende kwa karoti na shu (kabeji) za Kibumba ao sambaza, samaki wadogo wa ziwa.

Jikoni, osha majani kabla ya kukata, kisha yapike dakika tano hadi kumi kwa maji kidogo. Bikarbonate inalainisha haraka, lakini inaua vitamini C, iache. Malizia na kijiko cha mafuta ya rasyo, maana vitamini A haiingii vizuri mwilini bila mafuta, na kamulia ndimu mezani ili madini ya chuma yapokelewe. Chai isubiri saa nzima. Sombe, majani ya muhogo, haifuati dakika hizo: lazima itwangwe na ichemke muda mrefu, sufuria likiwa wazi, sumu yake itoke. Mtoto wa miezi 6 na zaidi, mpondee majani hayo laini ndani ya uji mzito. Pakiti za tiba alizopewa mtoto mwenye utapiamlo hazichanganywi humo wala hazigawiwi ndugu zake.