SOMO: Kupima kiwango cha mchemko cha hidrokaboni ukiwa nyanda za juu

Kila mara naulizwa mbona pentani (hidrokaboni nyepesi, yaani kampaundi ya kaboni na hidrojeni) "imechemka mapema". Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrushia hapa.

1. Zima moto wote. Maji ya moto yachemshiwe chumba kingine. Mvuke wa pentani ni mzito kuliko hewa, hutambaa mezani mpaka ukute cheche.

2. Matone machache kwenye neli nyembamba. Ifunge kwenye themometa, sampuli na balbu ziwe usawa mmoja.

3. Ndani ya neli tumbukiza kapilari (kibomba chembamba sana cha kioo) iliyozibwa upande mmoja, mdomo wazi uangalie chini.

4. Shusha vyote kwenye bika la maji, ongeza maji moto kidogo kidogo ukikoroga, hadi viputo vitoke mfululizo. Acha kuongeza. Vitapungua, vitakoma, sampuli ikianza tu kupanda ndani ya kapilari, soma. Viputo vya mwanzo usivihesabu, ni hewa inayotanuka.

5. Rekebisha presha. Hapa ndipo ripoti huharibika. Nyanda za juu presha ya hewa ni ndogo, kwa hiyo kimiminika huchemka kwa joto la chini zaidi. Vitabu vinasema pentani ni nyuzi 36.1, lakini hiyo ni kwa milimita 760 za zebaki. Nairobi barometa ikisoma 620, utapata kama 30.2. Kwenye GHS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, kimiminika ambacho mvuke wake hushika moto chini ya nyuzi 23 ni kundi la 1 la hatari ya moto kikianza kuchemka nyuzi 35 au chini. Kikizidi 35 ni kundi la 2. Ukiandika 30.2 umebandika lebo isiyo yake. Tumia kanuni ya Sydney Young kupata nyuzi za kuongeza: 0.00012 × (760 − P) × (273 + t), P ni presha ya barometa kwa milimita za zebaki, t ni joto ulilosoma. Hapa inatoa 5.1, jumla 35.3. Ni makadirio, na umeona bado haijafika 36.1, ukiwa jirani na 35 hivyo, pima pia kimiminika safi unachokijua, siku hiyohiyo, ulinganishe. ONYO: presha ya app ya hali ya hewa imeshageuzwa kuwa ya usawa wa bahari. Usiitumie.

MASWALI

– Mkuu nimepata 30, shida nini?
– Hatua ya 5.

– Nimeisoma. Simu inaonyesha hektopaskali 1016, ni karibu milimita 760, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha.
– Hujaisoma. Rudi kwenye ONYO.

– Samahani, kwa nini kapilari igeuzwe?
– Swali zuri, dada. Inashika hewa kidogo, na viputo huanzia hapo. Bila hiyo kimiminika kinaweza kupita joto lake la mchemko kikiwa kimetulia, kisha kikaruka ghafla. Na kinapoanza kupanda, presha ya mvuke ndani imelingana na ya nje. Ndiyo maana tunasoma wakati huo.

– Mimi niko Mombasa, nirekebishe?
– Tofauti ni ndogo sana, ila andika presha kwenye ripoti.

– Na petroli?
– Huo ni mchanganyiko, hauna kiwango kimoja. Unakenekwa, unachukua joto la kuanzia.

– Mpira wangu wa kufungia neli unalegea.
– Hidrokaboni huvimbisha mpira. Funga kwa waya mwembamba wa shaba.