Kutia unga wa nano kwenye mafuta ya presi

Mafundi wengi hapa Katwe, Kampala, ukiwakuta wanavuta sufuria kwenye presi (mashine inayosukuma bati ndani ya dai, ile kalibu ya chuma, mpaka liwe sufuria) wamepaka oili chafu ya gari, inanuka, moshi wake unakukaba na ikimwagika inaishia mfereji wa Nakivubo. Mi nimehamia mafuta ya alizeti, yale ya Lira, na ndani natia unga wa nano, ule wa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, kidogo. Kidogo kweli jamani, nusu asilimia tu, yaani lita moja gramu tano hivi. Mizani ya jikoni haitoshi, azima ya sonara.

Unga gani? Silika au boroni nitraidi, ila ile ya heksagonali, maana ya kyubiki ni ngumu kama msasa na itakula dai. Titani dioksidi nayo inafaa lakini usikimbilie duka la rangi, ile chembe zake ni nanomita 200 mpaka 300 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) na sisi tunataka chini ya 100. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo midogo ya chuma, na zile za mviringo zinabingirika kama gololi kati ya dai na shiti, yaani bati lenyewe.

Sasa shida iko kwenye kuchanganya. Mara ya kwanza nilimwaga unga wote kwa mkupuo nikakoroga na kijiti, ukafanya madonge, sufuria kumi zikatoka na mistari kama zimeparuliwa na paka! Siku hizi nachukua mafuta kidogo ya uvuguvugu, natia matone ya asidi ya oleiki inayosaidia unga usishikane, ndo naweka unga polepole mpaka uwe kama uji laini halafu namalizia mafuta yaliyobaki. Ukipata mashine ya altrasoniki, ile inayotikisa kwa mawimbi ya sauti, ipige nusu saa, drili yenye kikorogeo inasaidia lakini haivunji madonge yote. Weka kwenye chupa inayoonyesha ndani ilale, asubuhi ukikuta tope chini usipake, koroga upya.

Barakoa vaa, ya N95 siyo kitambaa, unga ukiwa mkavu unapeperuka na kuingia mapafuni bila hata kuuona, ukimwagika futa na tambara lililolowa, usifagie.

Jaribu vipande vitano vya mafuta matupu na vitano vya mchanganyiko, shiti ileile, uangalie geji ya presi inayoonyesha nguvu inayotumika, na kona za chini ambako bati hupenda kupasuka. Na jioni osha dai na maji moto ya sabuni, alizeti ikilala hapo inaganda kama gundi.