Kampala ya kumbukumbu: chagua mtu mmoja, umfuate

Mgeni akinipigia simu kutoka Bukoba au Mombasa kwamba anakuja Kampala "kuona historia", najua anachotaka: orodha. Makumbusho asubuhi, makaburi mchana, jioni nyama choma. Kwa miaka mingi nilikuwa nawapa hiyo orodha, na jioni walipanda basi vichwa vimejaa, hawajui tena Kabaka (mfalme wa Buganda) yupi alimfanya nini nani.

Siku hizi nawaambia hivi: usichague mahali, chagua mtu. Mmoja tu. Mfuate mjini siku nzima, usikilize kila kilima kinavyomtaja.

Anza na Kabaka Mwanga, na anza Namugongo, walikouawa mashahidi Wakristo, nje kidogo ya mji upande wa mashariki. Nenda mapema, na usiende wiki ya tarehe 3 Juni kama nia yako ni kutazama. Wiki hiyo ni ya mahujaji, wengine wametembea kwa miguu kutoka mbali, na huwezi kusimama mahali ukafikiri. Pita upande wa Wakatoliki kwanza, kwenye kanisa la duara lenye umbo la kibanda, kisha uende upande wa Waanglikana. Huku kuna sanamu za ukubwa wa mtu: vijana wamefungwa ndani ya matete, wauaji wamewasimamia, kuni zimepangwa. Ni mwaka 1886. Mwanga ndiye aliyetoa amri, na hapa hana mtetezi. Waganda 22 Wakatoliki walitangazwa watakatifu mwaka 1964, na Waanglikana nao wanakumbuka 23 wa kwao.

Kabla hujaondoka, muulize anayekutembeza kuhusu Waislamu. Miaka kama kumi kabla ya hapo, Muteesa wa Kwanza, baba yake Mwanga, aliwaua Waislamu waliokataa kuswali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa. Wengine watakueleza vizuri sana, wengine watabadilisha mada. Mimi nimekulia Kibuli, kilima cha Waislamu, kwa hiyo swali hili siachi kuliuliza.

Sasa panda boda au teksi, vuka mji mpaka Kasubi, walikolazwa Makabaka. Akina mama waje na sketi ndefu au kanga ya kujifunga, suruali haipiti. Na wote mnavua viatu. Nyumba kubwa, Muzibu Azaala Mpanga, iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Kesho yake watu waliuawa kwa risasi pale pale, umati ulipokuwa unamzuia Rais Museveni asiingie. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikaitoa mwaka 2023 baada ya nyumba kujengwa upya. Ingia, kaa chini kwenye mkeka, tazama pazia la nguo ya magome. Nyuma yake, Waganda wanasema, kuna msitu. Usiseme kaburi, na usiulize kama ni msitu kweli.

Huko nyuma ya pazia yumo Mwanga. Mwanga yule yule wa asubuhi. Hapa ni mfalme aliyewapiga vita Waingereza mwaka 1897, akashindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani, akashikwa akapelekwa Mwanza, akatoroka, mwishowe akafungwa Shelisheli. Alifia huko mwaka 1903, na mwili wake ukarudishwa mwaka 1910. Kitu ambacho Namugongo hutakisikia mara nyingi: kule uhamishoni alibatizwa, akaitwa Danieli. Kaa na hilo dakika kumi kabla ya kuulizia chakula cha mchana.

Siku ya pili mfuate Idi Amin. Hapa uwe na moyo, maana katika familia nyingi za Kampala jambo hili halijapoa, na utakayemuuliza anaweza kuwa alipoteza mtu.

Nenda Mengo, kwenye Lubiri, jumba la Kabaka. Tarehe 24 Mei 1966 Rais Obote alilituma jeshi hapa, na aliyeliongoza alikuwa Amin. Muteesa wa Pili aliruka ukuta, akafika Uingereza, akafia London mwaka 1969. Ukishatazama jumba, utateremshwa kwenye handaki la zege. Lilijengwa kuwa ghala la silaha, likageuzwa gereza. Kuna vyumba vyenye giza, na mbele yake njia iliyojazwa maji yaliyotiwa umeme, anayetaka kutoroka asipite. Ukutani kuna alama za viganja. Watembezaji watakutajia idadi ya waliokufa humo. Kila mmoja ana yake, usiandike yoyote. Andika unachokiona. Kuna maandishi ya mkaa, na mojawapo linamlaumu Obote, si Amin. Kibao cha nje kina jina moja, ukuta wa ndani una mawili.

Kisha kumbuka ulichokiona jana Kasubi: Muteesa wa Pili naye amelala kule. Nani alimrudisha kutoka London? Amin, mwaka 1971, miezi michache baada ya kumpindua Obote, na Waganda walimshangilia. Mzee mmoja wa Mengo aliniambia siku hiyo alicheza ngoma mpaka viatu vikaisha soli. Alinong'ona.

Kutoka hapo nenda Old Kampala. Mwambie mtu wa boda "Gaddafi", usimwambie "Msikiti wa Taifa", atakuzungusha. Ujenzi ulianza wakati wa Amin, ukakwama miaka mingi, ukamalizika kwa pesa za Libya, na Gaddafi mwenyewe alikuja kuufungua mwaka 2008. Baada ya kuuawa kwake jina likabadilishwa, midomo ya watu haikubadilika. Kilima hiki hiki ndipo Lugard, afisa wa Kiingereza, alipojenga ngome yake, na ndani ya ngome hiyo ndipo Makumbusho ya Uganda yalipoanzia mwaka 1908, kabla ya kuhamia jengo la sasa la Kira Road. Kila mahali jiulize jambo lilitokea lini, halafu uulize kibao kiliwekwa lini na nani aliyelipa. Mara nyingi jibu la pili linakueleza zaidi.

Makumbusho yenyewe nenda ukiwa na saa mbili. Mwaka 2019 yalionyesha picha za wakati wa Amin, zilizochaguliwa kutoka negativu za picha kama 70,000 zilizokutwa kwenye shirika la utangazaji la serikali. Amin anacheza, Amin anahutubia, Amin kwenye harusi. Wapiga picha wa serikali hawakupiga picha za handaki. Waandaaji ilibidi watafute namna ya kuwaweka waliopotea katikati ya picha zinazocheka.

Mwisho shuka mjini kwa miguu, uinue macho juu ya maduka ya zamani. Utaona majina ya Kihindi na miaka kwenye saruji. Agosti 1972 wenye majina hayo walipewa siku 90 wawe wameondoka. Hiyo ni kumbukumbu ambayo hakuna aliyepanga iwe kumbukumbu, na haina kiingilio.

Kosa langu kubwa nililifanya Lubiri. Nilikuwa na walimu kutoka Bukoba, naeleza handaki kwa mbwembwe, nikasema "halafu Amin akaondoka mwaka 1979". Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje, hakutaka kuingia, akaniita.

"Kijana, aliondoka? Mwenyewe?"

Alikuwa askari wa Tanzania. Aliingia Kampala mwezi Aprili ule, jeshi lao lilipomng'oa Amin. Wenzake aliwaacha, wamezikwa Kaboya, kule Kagera. Uganda tunapumzika kazini tarehe 26 Januari, siku ya Museveni kuingia mjini mwaka 1986. Tarehe 11 Aprili ni siku ya kazi kama nyingine. Akaniuliza kibao chao kiko wapi. Sikuwa na cha kumwonyesha.

Tulipitia barabara ya Entebbe tukirudi. Mahali fulani yule mzee akamwomba dereva asimame, akateremka, akatazama kituo cha mafuta na duka la magodoro.

"Hapa tulilala," akasema. "Kulikuwa na mwembe."

Sasa basi letu linasimama pale kila safari. Usisahau kumpa mlinzi wa kituo kitu kidogo, hapendi watu wasiojaza mafuta.