Kabla ya kumleta aksolotli nyumbani, tayarisha maji kwanza

Watu wengi humwona aksolotli kwenye picha, na ule uso unaoonekana kama unatabasamu na yale matamvua, viungo vyake vya kupumulia majini, yaliyochanua pande zote mbili za kichwa, wakampenda hapo hapo. Kabla wiki haijaisha wameshamnunua. Nakuomba usifanye hivyo. Aksolotli akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15, na wengi niliowaona wakifa mapema waliuawa na jambo ambalo lingemalizwa kabla hata hawajafika nyumbani. Soma yote, halafu ndipo utoe pesa.

Kwanza ujue unamleta nani. Aksolotli si samaki. Ni salamanda, yaani amfibia, na jina lake la kisayansi ni Ambystoma mexicanum. Kwao ni kwenye maziwa ya bonde la Jiji la Meksiko: Chalco, ambalo lilikaushwa, na Xochimilco, ambalo leo limebaki mifereji tu. Huko hali yake ni mbaya mno. Mwaka 1998 watafiti walikadiria aksolotli wapatao 6,000 kwa kilomita moja ya mraba. Kufikia 2014 walikuwa wamebaki kama 36. Maji yamechafuka, na samaki aina ya tilapia na kapu walioletwa kutoka nje wanakula mayai na watoto wake. Wanaouzwa leo ni uzao wa kufugwa kwa vizazi vingi, ndiyo maana unaona weupe, wa waridi na wa dhahabu, wakati wa porini ni wa kahawia iliyokolea na madoadoa.

Salamanda wengi huanza maisha kama viluwiluwi majini, kisha hupoteza matamvua na kupanda nchi kavu. Aksolotli habadiliki. Homoni ya tezi ya thairoidi haimfikishi kwenye mageuzi hayo, basi anakua, anapevuka na kutaga mayai akiwa bado na umbo la utotoni. Mwaka 1865 huko Paris, Auguste Duméril alishangaa kuona baadhi ya watoto wa aksolotli wake wakipoteza matamvua na kugeuka salamanda wa nchi kavu. Tangu hapo hawakukosekana watu wa kutaka kulazimisha mabadiliko hayo kwa homoni au madini joto (ayodini). Usijaribu. Wengi hufa katikati ya safari, na anayefika haishi miaka ambayo angeishi majini.

Tangi. Lita 75 ni kiwango cha chini kabisa kwa mmoja, na mimi nakushauri uanze na zaidi ya 100. Angalia upana wa sakafu kuliko kimo, kwa sababu huyu hutembea chini muda mwingi. Weka mfuniko, kwani huruka. Mahali pa kujificha pawepo angalau pawili, na pasiwe na kingo kali. Taa kali ya nini? Hana kope za kufunga macho, na mwanga mkali humfanya ashinde amejibanza pembeni.

Changarawe usiweke, hata kama muuzaji anasema ni ya mapambo tu. Aksolotli hatafuni. Hufungua kinywa ghafla, maji yakaingia kwa kasi pamoja na chochote kilicho mbele yake, na kijiwe kinachotosha kinywani kitaingia. Kikikwama tumboni anaacha kula, anavimba, na mara nyingi huo ndio mwisho. Tumia mchanga laini sana, chembe zisizofika milimita moja, tena kwa aliyezidi sentimita 12 au 13. Mdogo kuliko hapo mwachie kioo kitupu.

Mkondo wa maji uwe wa pole. Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa linatosha, mradi liwe kubwa kulingana na tangi. Ukiona matamvua yamekunjamia mbele muda wote, mkondo umemzidi.

Joto ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Anataka nyuzi joto 16 hadi 18 za Selsiasi. Kwenye 20 bado anavumilia. Kuanzia 24 yuko hatarini: maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, mwili wake nao unadai oksijeni zaidi, na kuvu na bakteria wabaya hupata nafasi. Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kununua: jaza tangi, weka kipimajoto, na andika joto la mchana na la alfajiri kwa wiki nzima, katika kipindi cha mwaka chenye joto zaidi kama unaweza kusubiri. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi chache kwa kuyafanya yavukize, lakini hewa ikiwa na unyevu mwingi haisaidii sana. Kama namba zako ziko juu kila siku, unahitaji mashine ya kupozea maji, na mashine hiyo inaweza kukugharimu kuliko tangi lenyewe. Chupa za maji yaliyogandishwa ni za dharura. Ukizitegemea kila siku joto litapanda na kushuka mara kwa mara, na huko kupanda na kushuka nako kunamchosha. Huna uwezo wa kuyapoza maji? Basi chagua mnyama mwingine, na hilo nakwambia kwa nia njema kabisa.

Sasa shika hili la maji, hata kama mengine yote utayasahau.

Rafiki yangu alinunua tangi asubuhi na aksolotli wawili jioni ya siku iliyofuata. Muuzaji alimwambia maji yakikaa usiku mmoja yanatosha, klorini itakuwa imeondoka. Alitumia fedha nzuri: kioo kinene, chujio jipya, mapango ya udongo. Siku za kwanza wanyama walikula nyungunyungu vizuri. Kisha wakaanza kuwatema. Ncha za mikia zikajikunja. Vile vinyuzi vyekundu vya matamvua vikawa vifupi, vikapauka, vingine vikakatika. Mmoja akawa anapanda juu kuvuta hewa kila mara, na akishuka hakai. Rafiki yangu akanipigia: "Kaka, njoo uwaone hawa. Ila maji hayana shida kabisa, njoo ujionee yanavyong'aa."

Kweli yalikuwa yanang'aa. Ungeweza kusoma gazeti kupitia tangi lile. Nilichota kidogo kwenye kimirija cha kupimia, nikadondosha matone ya kipimo cha amonia, tukasubiri. Maji yasiyo na amonia hubaki ya njano. Yale yaligeuka kijani, kijani kilichoiva kama jani la mgomba. Rafiki yangu alikitazama kile kimirija, akatazama tangi, akanitazama mimi. Nikamuuliza anasafishaje chujio. Akajibu kwa fahari kwamba kila jioni analitoa na kulisugua chini ya bomba mpaka sponji linarudi jeupe.

Hapo ndipo nilipoelewa yote. Aksolotli hutoa amonia kupitia matamvua, na kinyesi na mabaki ya chakula huoza na kutoa nyingine. Amonia haina rangi. Huunguza ngozi na matamvua, na huwa kali zaidi joto na pH (kipimo cha uchachu wa maji) vinapopanda. Kinachomwokoa mnyama ni bakteria wanaoishi kwenye sponji, mchanga na mawe: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu, huzuia damu kubeba oksijeni. Nitrati ina nafuu, na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawapo kwenye tangi jipya. Huchukua wiki nne mpaka nane kuongezeka kiasi cha kutosha, wakati mwingine zaidi. Rafiki yangu kila jioni alikuwa anawaua wale wachache waliojitahidi kuota, kwa maji ya bomba yenye klorini, huku akiamini anafanya usafi.

Aliyekuwa anapanda juu alikufa kabla hakujapambazuka. Wa pili tulimhamishia kwenye beseni kubwa la maji yaliyopoa na kuondolewa klorini, tukawa tunabadilisha maji yote kila siku, wakati tangi lenyewe likiandaliwa upya bila mnyama ndani. Ilikuwa kazi ya wiki nyingi, na rafiki yangu hakuruka hata siku moja. Matamvua yaliota tena taratibu, kwanza vijitokezo vya waridi, kisha vinyuzi. Yule mwingine hakupata nafasi hiyo, na alikuwa mnyama mzima asiye na ugonjwa wowote siku aliyonunuliwa.

Kwa hiyo usimnunue mpaka umefanya haya. Jaza tangi, tia dawa ya kuondoa klorini, washa chujio. Kuacha maji yakae usiku mmoja hakutoshi, kwa sababu huenda bomba lako lina kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, na hiyo haitoki kwa kukaa. Tia amonia halisi isiyo na manukato wala sabuni mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Pima kila baada ya siku moja au mbili. Nitriti itapanda, kisha itaanza kushuka na nitrati itajitokeza. Amonia ikikaribia sifuri, ongeza nyingine, maana bakteria nao wanahitaji kula. Siku utakayotia miligramu 2 na baada ya saa 24 ukakuta amonia sifuri na nitriti sifuri, tangi liko tayari. Badilisha sehemu kubwa ya maji ili nitrati ishuke chini ya miligramu 20 kwa lita, hakikisha joto liko sawa, ndipo ukamchukue mnyama. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la zamani lisilo na magonjwa, muda utapungua, lakini kupima kuko palepale. Nunua kipimo cha matone; vijikaratasi vya kuchovya mara nyingi havisomi vizuri. Na sponji lisuuzwe kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini, kwa kulikamua tu. Likibaki na rangi ya udongo, liache hivyo.

Baada ya hapo, badilisha robo ya maji hivi kila wiki, na usiache kupima kwa sababu miezi imepita bila tatizo.

Kuna wanaojitetea kwamba mnyama huyu huota mguu mpya, hivyo hafi kirahisi. Ni kweli huota mguu, mkia, hata sehemu za moyo na ubongo, na mwaka 2018 wanasayansi walichapisha jenomu yake, yaani maelezo yote ya urithi yaliyo kwenye seli zake, kubwa karibu mara kumi ya ya binadamu, wakitafuta siri hiyo. Lakini ili aote kiungo ni lazima awe hai kwenye maji mazuri. Sumu iliyoenea mwilini haimpi nafasi hiyo.

Chakula: nyungunyungu ndio msingi, waliotoka mahali pasipopuliziwa dawa. Vidonge vya kuzama vyenye protini nyingi vinafaa kuongezea. Mtu mzima alishwe mara mbili au tatu kwa wiki, mtoto kila siku. Mabaki yatoe siku hiyohiyo. Samaki usimchanganye naye. Wakubwa watamnyofoa matamvua, wadogo watamezwa, na wenye miiba watamkwama kooni. Wala watoto wa aksolotli usiwaweke pamoja, watakatana miguu. Wakubwa wawili wakae pamoja tu kama wanalingana ukubwa, na ujue jinsia zao: dume ana uvimbe unaoonekana nyuma ya miguu ya nyuma. Dume na jike wakikaa pamoja utaamka siku moja ukute mayai mia kadhaa, na jike anayetagishwa mfululizo hudhoofika.

Uliza sheria ya mahali ulipo. Aksolotli yumo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuna sehemu, California mojawapo, ambako kumfuga hakuruhusiwi. Tafuta mapema daktari wa mifugo anayejua amfibia. Wengi hawawajui, na usiku wa dharura si wakati wa kuanza kuulizia. Kila dawa ya samaki unayopewa dukani, uliza kwanza kama ina shaba, kwa sababu shaba ni sumu kwake na ngozi yake hunyonya kila kitu.

Usimshike kwa mikono. Mifupa yake mingi ni laini, na ngozi ina ute unaomkinga. Akibidi kuhamishwa, mwongoze aingie kwenye chombo chenye maji. Usimwachie mtoni wala ziwani hata ukichoka naye. Mtafutie mtu wa kumchukua. Ukisafiri, acha mtu aliyefundishwa kupima, kwani kulisha tu hakutoshi. Umeme ukikatika mara kwa mara, weka pampu ya hewa ya betri. Dawa ya mbu usipulize chumba hicho. Waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yakiufuata yadondoke sakafuni. Ndoo, mpira na vitambaa vya tangi viwe vya tangi peke yake, na visiguse sabuni kamwe.