Ukitaka kuwa mchumi wa takwimu za Serikali Zanzibar

Takwimu rasmi za Zanzibar, ukiwemo mfumko wa bei na pato la taifa, hutolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Jiandae kwa shahada ya uchumi au takwimu. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, Dar es Salaam, kimebobea katika fani hii. Ekseli uijue barabara kabla ya kukimbilia Stata au R, programu za kuchambulia takwimu. Ungali masomoni, omba udadisi, yaani kazi ya kuhoji watu nyumba kwa nyumba, kila zinapotangazwa tafiti za kaya. Asiyewahi kushika kishikwambi mlangoni kwa watu hajui kwa nini jedwali lina mapengo.

Jifunze hasa ukusanyaji wa bei. Katika masoko ya Darajani, Mwanakwerekwe au Chake Chake, mihogo na tungule huuzwa kwa fungu, na mara nyingi muuzaji hagusi bei, hupunguza fungu. Kwa hiyo nenda na mizani. Pima mafungu matatu kwa wauzaji tofauti, uchukue wastani. Fungu la shilingi 2,000 lenye gramu 800 ni shilingi 2,500 kwa kilo. Mwezi wa pili bei ni ile ile, lakini mizani inasoma gramu 650: kilo imefika kama shilingi 3,077, imepanda asilimia 23. Ukiandika "fungu 2,000" miezi yote miwili, umeufuta mfumko ambao mama mpishi ameshauona chunguni.

Samaki akikosekana kwa kuchafuka bahari, usinakili bei ya mwezi uliopita, maana hapo umetangaza kuwa haikupanda. Kadiria kwa mwenendo wa samaki wa aina ya karibu, na uweke alama kuwa ni makadirio.

Kosa la wengi waliosoma vizuri ni kusahau Ramadhani. Kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11. Mwaka 2022 ilichukua karibu Aprili nzima. 2025 ilikuwa Machi. Ukilinganisha Aprili na Aprili, huenda unalinganisha mwezi wa futari na mwezi wa kawaida, na ndizi na viazi vitaonekana vimeshuka bure. Chora bei za miaka kadhaa kwa kalenda ya Hijria pia.

Karafuu nazo zina msimu: linganisha robo mwaka na robo ile ile ya mwaka uliotangulia. Hata hivyo mkarafuu uliozaa sana mwaka huu mara nyingi hupumzika mwakani, basi tazama miaka minne au mitano kabla hujaandika kuwa uzalishaji wa Pemba umeanguka.