Kupima kama wateja wapo kabla ya kufungua mkahawa wa chai ya asubuhi karibu na chuo

Anayefikiria kufungua mkahawa wa chai ya asubuhi karibu na chuo aghalabu huanza kwa kuhesabu wanafunzi, akaona ni maelfu, kisha akaenda kutafuta banda la kukodi. Lakini idadi ya wanafunzi na idadi ya wateja ni vitu viwili mbalimbali. Mwanafunzi wa kwanza amekunywa chai kwao kabla ya kupanda daladala, wa pili anapika dahalia pamoja na wenzake kwa kuchangiana, wa tatu amefunga sunna, wa nne hali kitu mpaka saa 6 mchana, na wa tano ndiye tunayemtafuta: ana njaa, ana pesa, ana muda, na anapita mbele yako kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi. Kupima soko ni kutafuta hao wa tano ni wangapi, wanapatikana siku zipi za mwaka, na wako tayari kutoa kiasi gani.

Nitatumia Tunguu kuwa mfano, kwa sababu hakuna mahali pengine Unguja palipokusanya vyuo na ofisi kwa namna ile. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoanzishwa mwaka 1998 kiko hapo, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) iko hapo, Chuo cha Utawala wa Umma kiko hapo, na ofisi za Mkoa wa Kusini Unguja nazo ziko hapo, zote kandokando ya barabara inayotoka mjini kwenda kusini. Kila kundi lina saa yake. Mwanafunzi mwenye kipindi cha saa 2 hushuka kituoni kwa haraka na hana zaidi ya dakika 20. Mtumishi wa ofisi huripoti kazini kwanza, halafu hutoka kunywa chai saa 3 au saa 4. Fundi wa ujenzi na kijana wa bodaboda huamka mapema kuliko wote, nao hutaka chakula kizito, yaani muhogo, maharage na chapati, si kikombe na andazi moja. Ukiwachanganya wote katika hesabu moja utapata jumla inayopendeza lakini haikuambii upike nini wala ufungue saa ngapi.

Anza na yale yaliyokwisha andikwa. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ina matokeo ya Sensa ya 2022 yatakayokuonesha ukubwa wa eneo lako, na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, atakuongezea yale ambayo sensa haikuyaona, kama vile nyumba mpya zinazopangishwa wanafunzi. Chuoni tafuta vitu vitatu tu: kalenda ya masomo, ratiba ya vipindi vya asubuhi na idadi ya vitanda katika dahalia. Siku mbili zinatosha kwa kazi hii, na usivutwe kukaa nayo zaidi, maana jibu lenyewe liko barabarani.

Barabarani utakaa wiki mbili. Chagua wiki za katikati ya muhula, kwa sababu wiki ya kwanza wanafunzi wana pesa za kuanzia na hawajazoea mahali, na wakati wa mitihani kila mtu ana mwendo wake. Kaa mahali unapoona geti la chuo na kituo cha daladala kwa pamoja, kuanzia saa 12:30 mpaka saa 4:30, ukiwa na daftari uliloligawa kwa robo saa. Katika kila robo saa andika waliopita, waliosimama kununua kitu cha kula, waliokaa, na waliokuja na chakula mkononi. Jumatatu na Alhamisi ziandike mbali na siku nyingine, kwa kuwa hizo ndizo siku ambazo wengi wenye kufunga sunna hufunga, na usipozitenga utadhani mauzo yameshuka kwa sababu nyingine. Ijumaa watu huwahi kuondoka kwa ajili ya sala. Jumamosi dahalia hubaki na waliotoka mbali, hasa Wapemba na wa kutoka bara, wakati wa mjini wako kwao. Ikinyesha mvua usirudi nyumbani, kwani siku ya mvua ndiyo itakayokuonesha paa lina thamani gani.

Safu hiyo ya nne, ya waliokuja na chakula mkononi, ndiyo iliyonifunza zaidi. Asubuhi moja nilimtazama msichana aliyeshuka daladala akiwa amebeba chapati mbili zilizokunjwa ndani ya karatasi. Alitembea moja kwa moja hadi kwa mama lishe, akaagiza chai ya rangi yenye mchaichai, akakaa kwenye ukingo wa benchi na kula chapati zake za nyumbani, akalipa kikombe kimoja na kuondoka. Nilidhani ni yeye peke yake, lakini nilipoanza kuwahesabu wa aina yake niliwaona kila siku. Watu hawa hawahitaji mpishi mwingine wa chapati. Wanahitaji chai ya moto, mahali pa kukaa na mtu asiyewakunjia uso kwa kuja na chakula chao. Ukiwahesabu kuwa wateja kamili utajidanganya, na ukiwafuta kabisa utawapoteza watu ambao siku nyingine, wasipopata nafasi ya kupika, wataagiza na mbaazi.

Baada ya hapo nenda ukale kwa wanaouza tayari. Kula kweli, lipa, na urudi kesho yake. Tazama saa ambayo kila kitu kinamalizika: ikiwa vitumbua vimekwisha saa 1:45 na watu bado wanaviulizia saa 2:30, hapo kuna mahitaji ambayo hayajatoshelezwa, nawe unaweza kuwahesabu wanaorudi mikono mitupu. Ikiwa boflo na mkate wa ufuta vinabaki mpaka saa 5, usijipe moyo kwamba vyako vitakuwa vitamu zaidi. Tazama pia foleni inakwama wapi, kwa kuwa mara nyingi chakula kipo ila vikombe havijaoshwa au hakuna chenji. Na ukiona banda lililofungwa, mtafute aliyekuwa akiuza pale umuulize kwa adabu kilichomtoa. Mazungumzo ya nusu saa na mtu huyo yana faida kuliko madodoso mia. Mimi naona ni uungwana kumweleza mama lishe nia yako badala ya kumpeleleza, na nimeona pia kwamba aliyekuwa mshindani anaweza kuwa ndiye atakayekuletea maandazi kila alfajiri.

Kuhusu kuwauliza watu, nina jambo la kusema kwa uchungu. Nilipotaka kufungua mara ya kwanza niliwauliza wanafunzi na wafanyakazi zaidi ya 60, "Nikifungua hapa mtakuja?" Karibu wote walinijibu, "Inshallah, tutakuja." Nikakodi banda, nikanunua meza, na mwezi wa pili nikawa napeleka mabaki kwa majirani. Hawakunidanganya. Kwetu si adabu kumkatalia mtu usoni jambo la kheri analotaka kulianza, na mimi nilichukua dua yao nikaifanya ahadi. Tangu siku hiyo siulizi habari za kesho, nauliza za jana. Jana asubuhi ulikula nini? Ulikula wapi, saa ngapi? Ulilipa kiasi gani? Juzi je? Mara ya mwisho kukosa chai ulikosa kwa sababu gani? Mtu anakumbuka jana yake na hana sababu ya kukupendezesha. Uliza watu 40 au 50 wa makundi mbalimbali, wanaume na wanawake, wa dahalia na wa daladala, na majibu yakianza kujirudia acha.

Sasa iangalie kalenda ya mwaka mzima, kwa sababu hapa ndipo mikahawa ya vyuoni inapoanguka. Mwezi wa Ramadhani hakuna chai ya asubuhi Zanzibar. Biashara huhamia kwenye futari, nayo ni kazi nyingine yenye saa na wateja wake. Ramadhani huwahi kwa kiasi cha siku 10 hadi 12 kila mwaka wa kalenda ya kawaida: mwaka 2025 iliangukia Machi, mwaka 2026 ikaanza Februari, na kwa miaka hii inaangukia katika miezi ya masomo, si likizoni. Ongeza likizo za vyuo, na zile wiki za mwisho kabla ya fedha za mkopo kuingia, ambazo mwanafunzi aliyekuwa akiagiza supu na chapati hurudi kwenye andazi na chai ya rangi. Kwa anayefikiria Wete au Chake Chake kule Pemba, aongeze msimu wa karafuu, ambao hubadilisha pesa zilizomo mifukoni mwa watu na hata saa wanazoamka.

Chukua mfano huu, ambao tarakimu zake ni za kukisia na utaweka zako. Tuseme mihula miwili ina wiki 30 za masomo, siku 5 kwa wiki, yaani siku 150. Toa siku 20 za Ramadhani, zinabaki siku 130. Tuseme gharama zisizobadilika ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi: kodi 200,000, wasaidizi wawili 700,000, maji, umeme na gesi 100,000. Tuseme kila mteja anaacha 2,500, na mahitaji ya kupikia yanakula 1,500, hivyo unabakiwa na 1,000. Ukipiga hesabu ya mwezi mmoja mzuri wenye siku 22 utaona unahitaji wateja 46 kwa siku, na utafurahi. Lakini gharama hizo hulipwa miezi 12, yaani 12,000,000, ambazo ni wateja 12,000 wagawanywe kwa siku 130: ni wateja 93 kwa siku kabla hujapata faida ya shilingi moja. Wafanyakazi wa ofisi, wasiokwenda likizo pamoja na wanafunzi, ndio wanaoweza kuishusha idadi hiyo, na ndiyo sababu nasisitiza uwahesabu peke yao. Kumbuka pia kuwa hao 93 hawaji kwa zamu. Ikiwa nusu yao wanafika kati ya saa 1:15 na saa 1:55, na kila mmoja anakaa dakika 20, utahitaji viti 23 au 24 kwa dakika hizo 40, kisha vikae vitupu.

Ukiona daftari lako linakaribia idadi unayoihitaji, jaribu kwa meza moja kabla ya banda. Omba ruhusa kwa mwenye duka la jirani na kwa wanaohusika na eneo, upate kibali cha afya, kisha uuze vitu vitatu tu kwa wiki tatu, kwa bei ile ile utakayotoza baadaye. Usigawe bure na usihesabu ndugu na marafiki. Wiki ya kwanza watu huja kuonja, kwa hiyo mauzo yake yaandike lakini usiyaamini. Anayekuja siku tatu au zaidi katika wiki ya tatu ndiye mteja, na wastani wa hao kwa siku ndio wa kuuzidisha kwa siku 130. Wakitosha, zungumza na mwenye banda, na mkataba uombe uanze wiki masomo yanapofunguliwa, si mwezi mmoja kabla ya Ramadhani.